Maswali kwa fundi: ponti fupi, ponti ndefu

Safari hii maswali karibu yote yameingia chini ya gari, kwenye ponti ya nyuma, ile ambayo wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaiita difu. Kabla ya kujibu, neno moja, maana hapa ndipo ugomvi wa garaji nyingi za Bukavu, hapa Kongo, unapoanzia. Ratio ni meno ya kuroni (gia kubwa ya duara ndani ya ponti) ukigawa kwa meno ya pinyo (gia ndogo inayoizungusha). Kuroni ya meno 41 na pinyo ya meno 10 inatoa 4.1. Namba ikipanda, ponti ni fupi: gari linavuta vizuri lakini halikimbii. Namba ikishuka, ponti ni ndefu. Mtu akikuambia "niwekee ponti kubwa", muulize kwanza anataka nini, kuvuta au kukimbia.

*Papa fundi, nina Hilux ya mazutu (dizeli), motere (injini) 3L bila tirbo (turbo). Nabeba mihogo na maharagwe kutoka Walungu. Kilima kikianza, gari linakufa. Wameniambia niondoe 4.1 niweke 4.875. Nitapata nguvu?*

Nguvu hutapata, ndugu. Nguvu inazaliwa kwenye motere. Ponti inaigawa tu. Utakachopata ni mvuto kwenye magurudumu, karibu asilimia 19 zaidi katika kila vitesi (gia), na utaulipia kwa mwendo. Ukiwa na pine (tairi) inayotembea kama mita 2.3 kwa mzunguko mmoja, leo vitesi ya nne kwa kilomita 80 kwa saa inazungusha motere karibu mara 2,400 kwa dakika. Ukiweka 4.875, mwendo uleule utadai zaidi ya 2,800. Kelele utaisikia, na mazutu kwenye tambarare utayaona.

Lakini ngoja. Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na barabara yako inapanda zaidi ya hapo. Hewa ya huku ni nyepesi, na motere isiyo na tirbo inavuta hewa pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Pompa ikiwa bado inamwaga mazutu kana kwamba uko Mombasa, unapata ule moshi mweusi ambao watoto wa Walungu wanaukimbia. Basi anza na chujio la hewa (vumbi letu halina huruma), halafu peleka ensekta (zile zinazopulizia mazutu ndani ya motere) zikapimwe, halafu angalia ambrayaji (klachi) kama haitelezi. Nimeona watu wakinunua ponti ili kutibu chujio lililoziba.

Hayo yakiwa sawa, jipime hivi. Kama vitesi ya pili inapanda bila shida na ukitia ya tatu gari linazama, ponti fupi itakusaidia kweli, kwa sababu tatu yako mpya itakaa katikati ya mbili na tatu za zamani, yaani pale palipokuwa na pengo. Kama hata ya kwanza inalia, motere ni mgonjwa au magunia yamezidi. Ponti haitibu magunia.

*Nitajuaje ratio ya gari langu bila kufungua kitu? Nililinunua likiwa limetumika, sijui lilipita mikono ya nani.*

Hapa bati la chasi usiliamini peke yake. Linasema kiwandani waliweka nini, halisemi waliofuata walifanya nini. Weka vitesi hewani (nyutro), zuia magurudumu ya mbele kwa mawe mazuri, kisha inua gurudumu moja la nyuma kwa kriki (jeki). Chora alama kwa chaki kwenye kardani (chuma kirefu kinachopeleka mzunguko kwenye ponti) na kwenye pine. Zungusha pine mizunguko miwili kamili, mwenzako akihesabu kardani. Kwa nini miwili? Gurudumu lingine limekaa chini, kwa hiyo kuroni inazunguka nusu tu ya pine unayoishika. Kardani ikizunguka mara nne na kidogo sana, ni 4.1. Ikifika nne na nusu na kidogo, ni 4.556. Ikikaribia tano, ni 4.875. Kwa ponti yenye blokaji (inayofunga magurudumu mawili yazunguke pamoja) njia hii haifai: inua magurudumu yote mawili, uyazungushe pamoja mara moja.

*Yaya, nina Land Cruiser ya motere 1HZ. Ponti ya nyuma iliharibika, fundi akaniwekea nyingine. Sasa nikitia 4x4 kwenye lami, usukani unakuwa mzito na kuna kitu kinagonga chini. Kwenye matope hakuna shida.*

Usitie 4x4 tena kabla hujahesabu meno. Nashuku sana kwamba mbele uko na 4.1 na nyuma wamekuwekea 4.3 au nyingine. Tofauti hiyo ni chini ya asilimia 5, lakini 4x4 ikifungwa, kardani ya mbele na ya nyuma zinalazimishwa kuzunguka sawasawa, huku magurudumu ya mbele yakitaka kwenda umbali mmoja na ya nyuma umbali mwingine. Kwenye matope pine zinateleza na hesabu inajisawazisha bila wewe kujua. Kwenye lami hakuna pa kuteleza. Chuma kinajipinda mpaka kitu kiachie, na ndiyo huko kugonga. Siku moja hakitaachia, kitavunjika, mara nyingi ndani ya bwati ya kugawa mwendo (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma).

Kosa hili nalijua kwa sababu nimelifanya. Nikiwa bado mwanafunzi wa ufundi nilifunga ponti iliyofanana kwa nje na ile ya zamani, bila kuhesabu. Gari lilirudi siku tatu baadaye likivutwa kwa kamba, na mwenye gari hakunisalimia. Tangu siku hiyo nahesabu meno hata ya ponti niliyoifunga mwenyewe.

Kwa sasa unaweza kutembea na magurudumu mawili tu bila hasara. Ila ratio lazima zilingane mbele na nyuma, na pine vilevile.

*Mimi ni mama, gari langu linaleta samaki toka Uvira. Mazutu yanakwisha mno. Nikiweka ponti ndefu nitapunguza?*

Mama, kwenye uwanda wa Ruzizi, ndiyo, kidogo. Motere itazunguka polepole mpaka Kamanyola. Lakini Ziwa Tanganyika, kule Uvira, liko karibu mita 770 juu ya bahari, kwa hiyo samaki wako wanapanda mita 700 kabla hawajafika sokoni Kadutu, hapa Bukavu, na sehemu kubwa ya huo mpando ni mlima wa Ngomo. Pale dereva atashuka vitesi moja chini ya anayotumia leo, na kile ulichookoa uwandani kitaungua kwenye kona. Acha ponti kama ilivyo. Pima upepo wa pine kila asubuhi, na uliza kama fre (breki) hazishikani.

Halafu mkataze dereva jambo moja: kuteremka Ngomo akiwa hewani eti anaokoa mazutu. Akiwa ndani ya vitesi na mguu umetoka kwenye gesi, pompa inapunguza mazutu na motere inashika gari. Akiwa hewani, zinabaki fre peke yake, zikichemka.

*Baada ya kubadilisha ponti, kontere (kipima mwendo) inasema uongo?*

Ndiyo, kwenye gari ambalo kontere inasoma mwendo nyuma ya bwati (gia boksi). Kutoka 4.1 kwenda 4.875, ukiwa kwenye 80 itakuonyesha 95. Na kilomita inahesabu 119 pale ulipotembea 100, ndiyo maana wengine wanaapa kwamba ponti fupi imewapunguzia mazutu! Badilisha kile kigia kidogo cha plastiki kinachozungusha kamba ya kontere.

*Nimepata kuroni nzuri ya bei ndogo, lakini pinyo yake ilivunjika. Naweza kuichanganya na pinyo yangu?*

Hapana. Kuroni na pinyo zinasuguliwa pamoja kiwandani mpaka zinazoeana, na mara nyingi zimechongwa namba moja. Ukizichanganya, ponti italia kama nyuki hata ukiipanga kwa ustadi gani, kisha itajila.

Hata jozi kamili inadai kazi ambayo wengi wanairuka. Rulma (bearingi) mpya. Ile bomba nyembamba inayokunjika kati ya rulma za pinyo iwe mpya pia, maana ikishakunjwa mara moja imekwisha. Nafasi kati ya meno, kwa ponti nyingi za Hilux, iwe milimita 0.13 hadi 0.18, na hiyo haipimwi kwa kidole. Inataka saa ya kupimia, kile kifaa cha mshale kinachosoma sehemu ndogo za milimita. Halafu unapaka rangi kwenye meno, unazungusha, unasoma alama: ikae katikati ya jino, isikimbilie ncha wala shina. Fundi asiye na saa ya kupimia na hajui kusoma rangi, mshukuru uondoke.

Kama hupati fundi wa hivyo, nunua kichwa kizima cha ponti kutoka kwenye gari lililoanguka, kuroni na pinyo zikiwa bado zimefungwa ndani kama zilivyotoka kiwandani. Kwenye Hilux nyingi na Land Cruiser za 70, cha nyuma kinatoka kwa mbele kikiwa kimoja, ni kazi ya siku moja. Hesabu meno kabla ya kulipa, linganisha meno ya shafti za pembeni, mwaga mafuta ya zamani, tia mafuta mapya ya ponti, GL-5 ya 80W-90. Jozi ikiwa mpya, tembea dakika 20, simama ipoe, na usiipe mzigo kilomita 800 za kwanza, kisha ufanye vidanji (ubadilishe mafuta). Ukiona unga wa kijivu kwenye mafuta hayo, ni kawaida. Ukiona vipande, nipigie kabla hujawasha tena.