Lete Miguu na Pumzi, Ngumi Utafundishwa

SWALI: Assalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 22, mchukuzi hapa gatini Lamu, kazi yangu kushusha saruji na mchele kutoka vyomboni. Baada ya wiki tisa, inshallah, nahamia Mombasa kwa ami yangu, na mtaani kwake kuna jimu ya ndondi. Sitaki kufika pale nikachekwa. Nguvu ninazo, mfuko wa kilo 50 naupandisha begani peke yangu. Nimejaza gunia mchanga nikalitundika kwenye mwarobaini nyuma ya nyumba, nalipiga kila jioni, ingawa mkono umeanza kuuma chini ya kidole cha mwisho. Je, ninunue glavu sasa? Nipunguze mwili? Na mama amekataa katakata, nimwambie nini?
Mchukuzi, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Kwanza kalishushe hilo gunia. Leo, kabla hujamaliza kusoma.

Mchanga ukitundikwa hushuka chini ukashikamana, na baada ya siku chache huwa unapiga jiwe lililovaa gunia. Mfupa ulio chini ya kidole cha mwisho ni mwembamba, na mara nyingi ndio huvunjika kwa mtu anayerusha ngumi bila kufundishwa. Nalijua hilo kwa sababu wangu ulivunjika. Ilikuwa 1983, Malindi, chini ya mwembe wa nyanya yangu, na gunia la mchanga nilioutoa mto Sabaki kwa mkokoteni. Nilikaa na plasta wiki sita. Hadi leo nikikunja ngumi, fundo la kidole hicho halionekani, limezama. Ikiwa wako umevimba, au unauma ukiubonyeza, nenda upigwe picha, usiukande kwa mafuta ya nazi ukidhani ni mshtuko tu.

Lakini mfupa ulipona. Kilichonigharimu zaidi ni yale niliyojifundisha. Nilifika jimu Mombasa najiona bondia kamili. Kocha alinitazama raundi moja, hakusema neno, akaleta kamba ya katani akanifunga vifundo vya miguu, nafasi ya katikati kiasi cha upana wa mabega. Kila nilipopishanisha miguu, chini. Na kiwiko changu cha kulia kilikuwa kikipaa kama bawa la kuku kabla ya kila ngumi. Mtu aliyesimama Nyali angeiona inakuja. Vijana walioingia siku moja nami, hawajui kushoto wala kulia, walishaanza kuunganisha ngumi tatu wakati mimi bado nafunzwa kusahau. Miezi minne nzima ya kusahau.

Kwa hiyo katika wiki hizi tisa, ngumi usiziguse. Shughulika na pumzi na miguu, vitu ambavyo kocha hawezi kukupa kwa maneno.

Hizo nguvu zako za saruji sizidharau, ila usizitegemee. Mchukuzi hubana pumzi anapoinua, akaiachia anapotua mzigo. Ndivyo mwili wako ulivyozoea. Ulingoni, anayebana pumzi huisha katika raundi ya kwanza. Pigano la ridhaa ni raundi tatu za dakika 3, na dakika 1 ya kupumua kati yake. Jumla dakika 9 za kupigana. Zinasikika chache mpaka uzijaribu.

Kimbia mara tatu kwa wiki, baada ya swala ya alfajiri kabla jua halijakolea. Usikimbilie vichochoroni, punda hampishi bondia. Shika njia ya pwani hadi Shela, kilomita tatu hivi, na ukikuta maji yamekupwa endelea kwenye mchanga uliolowa, ule mgumu. Mchanga mkavu usiukimbilie mwanzoni, unavuta kano ya kisigino na huchelewa kukuonyesha kosa lako. Saa za maji kupwa husogea mbele kwa kama dakika 50 kila siku. Wewe wa gatini huhitaji kuambiwa na mimi, basi panga siku zako kwa kuyafuata. Wiki mbili za kwanza nenda mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Kuanzia ya tatu, siku moja kati ya zile tatu, kimbia kwa kasi dakika 3, tembea dakika 1, urudie mara tatu. Ukifika mara sita bila kuinama na kushika magoti, hakuna atakayekucheka.

Kamba ya kuruka usinunue. Chukua kamba ya nailoni kwa wauza vifaa vya wavuvi, nene kama penseli. Ikanyage katikati, ncha zikifika kwapani, ndio kipimo. Ruka kwa nyayo za mbele, juu kiasi cha kamba kupita tu, kwenye udongo ulioshindiliwa na si kwenye saruji. Anza na dakika moja moja. Miundi itauma, ikiuma mpaka unachechemea, pumzika siku mbili. Pushapu, kuchuchumaa na mazoezi ya tumbo unayajua, sitapoteza wino.

Wiki ya sita, jifunze kusimama. Ikiwa mkono wako wa nguvu ni wa kulia, mguu wa kushoto utangulie, kisigino cha nyuma kiinuke kidogo, kidevu chini, mikono mashavuni. Kisha usipige kitu. Tembea tu. Ukienda mbele, mguu wa mbele ndio huanza. Ukirudi, wa nyuma ndio huanza, na isitokee hata mara moja ikapishana. Fanya hivyo dakika 3 bila kuishusha mikono. Utagundua kuna nyama mabegani ambazo saruji haijawahi kuzifikia.

Glavu usinunue. Jimu nyingi huwa na zao, kuukuu, zinanuka kama ng'onda, lakini zinatosha kuanzia, na kocha atakueleza ukubwa unaokufaa baadaye. Hela hizo nunua bandeji za mikono, za mita 4.5, na kinga ya meno. Mwili usipunguze, hujui bado utapigana uzani gani, na kazi yako yataka chakula. Mbaazi na samaki kula. Ila kama unatafuna muguka, acha tangu sasa, kwa sababu unakunyima usingizi na hamu ya kula, na moyo unapiga kasi ukiwa umekaa. Pita zahanati upimwe presha na moyo, macho pia. Kama una pumu, au nyumbani kwenu kuna selimundu, mwambie daktari kabla ya kuanza, na kocha siku ya kwanza.

Sasa mama. Usimwambie ndondi haina hatari, atajua unadanganya. Robert Wangila, aliyetuletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul 1988, alifariki 1994 kwa majeraha ya kichwa baada ya pigano Las Vegas. Mwambie ukweli: miezi ya mwanzo ni kamba, gunia na kufundishwa, hakuna anayekupiga kichwani, na umpe ahadi kwamba hutapimana ngumi na mtu mpaka kocha aseme, na ukipata kizunguzungu utatoka ulingoni siku hiyohiyo. Mama yangu alikubali kwa sharti la mwisho hilo, na alinishikilia kweli. Akikutajia hadithi ya Mtume ya kukatazwa kupiga uso, usibishane naye. Kaulize kwa sheikh wako, mimi si mwanachuoni.

Ukifika Mombasa, usilipe ada siku ya kwanza. Omba kukaa pembeni utazame zoezi moja mpaka mwisho. Ukiona mgeni anaingizwa ulingoni na mkongwe ili watu wacheke, mshukuru kocha, vaa viatu, ukatafute jimu nyingine.