Pelagra: jina lake ni ngozi, lakini usiishie kwenye ngozi

Wadogo zangu mnaoanza utabibu, pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini B3, mtakutana nayo mapema, na wengi mtaikariri kwa mambo matatu: ngozi, kuhara, kuchanganyikiwa. Nami nilikariri hivyohivyo, nikafaulu mtihani, nikasahau. Ilinikaa kichwani siku nilipolipasua jina lake vipande viwili.

Neno ni la Kiitaliano. "Pelle" ni ngozi, hapo hakuna ubishi. "Agra" ndiyo yenye maneno. Wengi husema ni chachu, kama limau lilivyo chachu, na kwamba wakulima wa kaskazini mwa Italia waliiita hivyo ngozi iliyokauka ikakwaruza. Wengine husema limeigwa kwenye podagra, jina la kale la jongo la mguu, ambamo "agra" ya Kigiriki ni kunasa, kama mtego unavyonasa mnyama. Mimi niko na wakulima. Pitisha kidole juu ya mkono wa mgonjwa, utanielewa bila kamusi.

Francesco Frapolli wa Milan alilitumia jina hilo katika maandishi ya tiba mwaka 1771. Kabla yake, mwaka 1735, Gaspar Casal wa Hispania alikuwa ameueleza ugonjwa huohuo kama "ugonjwa wa waridi", kwa ule wekundu. Madoa yanayozunguka shingo hadi leo huitwa mkufu wa Casal. Wote wawili waliona ngozi. Niasini, yaani vitamini B3, ilikuja kutambuliwa kuwa ndiyo tiba mwaka 1937.

Kwa hiyo jina lilitungwa kabla chanzo hakijajulikana, na hapo ndipo wageni wa wodi huteleza: anaona ngozi, anaandika dawa ya kupaka. Mimi pia niliwahi kuiandika.

Muulize anakula nini. Mahindi yana niasini, ila imefungika na mwili hauipati vizuri. Wameksiko huyachemsha kwanza na chokaa, nayo hufunguka. Anayeshinda na ugali bila mboga ya maana, au mlevi asiyekula, mtilie shaka. Muulize pia kama anatumia isoniazidi ya kifua kikuu, maana nayo inaweza kuleta pelagra. Angalia shingo, mikono na miguu, palipopigwa na jua, kulia na kushoto sawasawa.

Halafu mgeukie ndugu aliyemleta, umuulize taratibu kama mgonjwa analala usiku, na kama bado anaongea kama zamani.