Maswali ya gemu: Ukuta wangu unakufa mapema, nakosea wapi?

Wiki hii nimechagua barua tatu, moja ya Masasi, moja ya Newala na moja ya Lindi mjini, na zote zinamhusu Ferrothorn, yule wa gemu la Pokémon mwenye umbo la tunguri la chuma lenye miiba na minyiri mitatu. Nampenda sana huyu kiumbe kwaiyo mnivumilie nikirefusha. Kwa wageni: ukuta ni kiumbe wa kupokea mapigo, HP ni damu yake, Atk na Def ni nguvu na ulinzi wa mapigo ya mwili, SpA na SpD ni nguvu na ulinzi wa mapigo ya mbali, na EV ni pointi unazogawa mwenyewe kuongeza hizo namba.

Shikamoo dada. Mi niko Masasi, nacheza Pokémon Showdown, ile ya kupambana mtandaoni, kwa simu, kizazi cha 8. Nimemuweka Ferrothorn awe ukuta wa timu, nimempa EV 252 kwenye Def na 252 kwenye SpD ili awe mgumu pande zote, na mashambulio yake ni Leech Seed, Spikes, Protect na Iron Defense. Lakini zamu ya saba ya nane ameshakufa na hajafanya kitu cha maana. Wenzangu wananiambia nimtoe niweke mshambuliaji. Nimtoe?

Marahaba mdogo wangu. Usimtoe. Kiumbe hana kosa, namna ulivyomjenga ndo ina shida, na shida ziko mbili.

Ya kwanza ni hizo EV. Najua inavyoonekana, unataka ukuta basi unajaza ulinzi, ina mantiki kabisa, lakini ugumu wa kiumbe siyo Def peke yake, ni HP mara Def. Chukua kalamu. Ferrothorn wako wa levo 100 ana HP 289 kwa sababu hujaweka kitu pale, na Def yake bila kuhesabu tabia (ile inayopandisha namba moja na kushusha nyingine) imefika 361. Zidisha, unapata 104,329. Sasa futa zote, weka 252 kwenye HP tu: HP inakuwa 352, Def inabaki 298. Zidisha tena, 104,896. Umeona? Ni yale yale, tena imezidi kidogo. Upande wa SpD ni hivyo hivyo, ya kwako inatoa 95,659 na ya HP peke yake inatoa 94,336, tofauti ambayo kwenye mechi hutaiona. Yani we umetumia pointi 504 kununua kitu ambacho pointi 252 zinanunua, na zile 252 nyingine zilikuwa zako za bure ukazitupa. Mwangalie Shuckle uelewe zaidi, namba zake za msingi za ulinzi ni 230 na 230, hakuna ukuta wa kawaida mwenye namba kama hizo, lakini HP yake ya msingi ni 20, ndo maana hakai uwanjani kama unavyotegemea ukisoma hizo 230.

Kwaiyo HP 252 kwanza, hiyo usibishane nayo. Zinazobaki uangalie timu yako inateswa na nani, kama ni wa kupiga kwa mwili weka Def na tabia ya Relaxed, kama ni wa mashambulio ya mbali weka SpD na tabia ya Sassy. Zote mbili zinapunguza spidi na hapo ndo tunapotaka, nitakuambia kwa nini.

Shida ya pili, na mi naona hii ndo kubwa zaidi: ukuta wako haumuumizi mtu. Mashambulio manne yote hayana hata moja la kupiga. Mpinzani akija na Taunt hayo manne yote yamefungwa kwa zamu tatu, Ferrothorn anabakiwa na Struggle tu, na Struggle kila ukiitumia inakukata robo ya HP yako mwenyewe. Hebu fikiria, ukuta unajibomoa wenyewe na mpinzani kakaa pembeni anaangalia. Hata bila Taunt, mpinzani akishajua humpigi anapata muda wa kujiongezea nguvu mara moja, mbili, tatu, alafu Iron Defense yako, inayopandisha Def tu, haisaidii kitu kwa sababu anakupiga moto wa SpA.

Ukuta mzuri ni ule ambao mpinzani akikaa analipa na akiondoka analipa. Shika hiyo ndo uanze kujenga. Leech Seed inamnyonya 1/8 ya HP yake kila zamu na wewe unapewa. Akiona inamchosha atamtoa, mbegu inapotea sawa, lakini anayeingia anakanyaga Spikes: tabaka moja 1/8, mawili 1/6, matatu robo nzima, isipokuwa wale wa kuruka na wenye Levitate. Kwaiyo Leech Seed na Spikes ni mashambulio yanayoshikana mikono, moja linamfukuza lingine linamsubiri mlangoni. Haya umeyachagua vizuri kabisa, na ndo maana nasema usikate tamaa.

Toa Iron Defense, weka Gyro Ball. Hili ni shambulio linalopata nguvu kadri wewe ulivyo wa polepole na mpinzani alivyo wa kasi, wanachukua spidi yake wanagawa kwa yako wanazidisha kwa 25, kikomo ni 150. Ferrothorn wa kawaida ana spidi 76, kwaiyo mbele ya mtu wa spidi 300 unapata nguvu kama 99 hivi. Lakini ukishusha IV ya spidi (namba ya kuzaliwa nayo, 0 mpaka 31) iwe 0 na tabia ikiwa Relaxed au Sassy, spidi inashuka mpaka 40 na nguvu inagonga kikomo cha 150. Watu wengi wanasahau ile IV, wanaacha 31 iliyokuja yenyewe, nenda kaiangalie sa hivi kabla hujamaliza kusoma.

Protect unaweza kuibakiza au ukaweka Body Press, ambayo inapiga kwa kutumia Def yako badala ya Atk. Mi naipenda Protect, inayozuia mapigo kwa zamu moja, ukiwa umeshika Leftovers, kifaa kinachokurudishia HP kidogo kila zamu. Mfano hai: umempanda mbegu Blissey mwenye HP 714. Unabonyeza Protect, yeye hakufanyi kitu, Leech Seed inakuletea 89 na Leftovers inakupa 22, jumla 111 kwa zamu moja uliyokaa tu, karibu theluthi ya damu yako yote. Ila usiirudie mfululizo, mara ya pili nafasi ya kufanikiwa inashuka mpaka moja kwa tatu, na mpinzani mjanja anaisubiri hiyo hiyo.

Alafu sasa kuingia na kutoka. Ferrothorn ana udhaifu miwili tu, Moto mara nne na Fighting mara mbili. Muingize kwenye Maji, Umeme, Majani, Dragon, Fairy, na Sumu haimgusi kabisa. Ukinusa moto, toka, usiseme ngoja niongeze tabaka moja la Spikes kwanza, hiyo tamaa imeshaua Ferrothorn wengi. Na wa kumpokelea moto ni Toxapex, yeye anapunguza Moto na Fighting pia, alafu vinavyomuumiza yeye ni Umeme, Psychic na Ground, ambapo Ferrothorn anapunguza viwili vya kwanza na cha tatu kinampiga kawaida. Akitoka nje uwezo wa Regenerator unamrudishia theluthi ya HP. Wawili hawa wanapokezana kama watu wa kutwanga kinu kimoja, huyu akiinua mchi huyu anashusha. Tahadhari ni Heatran tu, ana moto wa kumuunguza Ferrothorn na Earth Power, shambulio la Ground, la kumpiga Toxapex, kwaiyo tafuta wa tatu anayeruka.

Dada habari za kazi. Mimi wa Newala. Ferrothorn wangu nimemjenga vizuri tu ila kuna mtu kila tukicheza anamleta Magnezone, siwezi kutoka, nakufa nikiangalia. Nifanyeje?

Nzuri mdogo wangu. Huo ni uwezo wa Magnet Pull, unawazuia wote wa aina ya Steel wasitoke. Dawa ya moja kwa moja ni kumshikisha Shed Shell, na hiyo inamruhusu kutoka hata akiwa amenaswa, lakini utaikosa Leftovers na utaisikia hiyo hasara kila zamu. Kama ni huyo huyo mmoja mnacheza kila siku, weka Shed Shell bila kuwaza. Kama ni mechi za watu mchanganyiko, mi ningeacha Leftovers na kuweka kiumbe mwenye Earthquake kwenye timu, Magnezone ni Electric na Steel kwaiyo Ground inamuumiza mara nne.

Dada, nipo Lindi mjini. Jioni tunakaa na washkaji kila mtu na simu yake tunacheza. Mi nacheza timu ya ukuta, nawashinda, lakini wananisema huo ni uoga, eti nachelewesha mechi na sijui kupiga. Imeanza kunikera. Ni kweli ni uoga?

Hapana, na pole kwa hayo maneno. Mi nimekua nikimuangalia babu yangu akicheza bao chini ya mwembe hapa Mtwara. Alikuwa analinda nyumba yake, kete zinajaa zinajaa, wenzie wanakula vidogo vidogo huku na huku wanapiga kelele, yeye kimya. Siku akiamua kuisafirisha nyumba unasikia kete tu zinavyodondoka na wale wa kelele wanasogea mbele kuangalia. Hakuna mzee hata mmoja pale barazani aliyewahi kumuita muoga.

Na kazi ya ukuta ni hesabu, lazima uwe umeshafikiria zamu nne mbele. Nikupe mechi yangu ya mwezi uliopita. Ferrothorn wangu kashika Rocky Helmet. Jamaa kamuingiza Excadrill, HP yake 361, mi nikaweka Spikes, naye akazifagia kwa Rapid Spin. Rapid Spin inagusa mwili, sasa miiba ya Iron Barbs inamkata 1/8, hiyo ni 45, na Rocky Helmet inamkata 1/6, hiyo 60. Kafagia sawa, lakini kalipa 105. Nikaweka Spikes tena. Kafagia tena, 105. Nikaweka tena. Ya tatu kabaki na 46, na hapo sijampiga hata kofi moja. Hakuthubutu ya nne, kamtoa, na kuanzia hapo Spikes zilikaa mpaka mwisho wa mechi na kila aliyeingia alizikanyaga.

Huyo jamaa angeniita muoga ningemuonyesha zile namba. Nawe fanya hivyo hivyo na washkaji zako, mechi ikiisha fungueni marudio kwenye simu mhesabu wote pamoja nani alipoteza HP kiasi gani na kwa sababu ya nani. Kuhusu kuchelewesha, hapo wana hoja kidogo, washeni ile saa ya kuhesabu muda ili kila mtu abonyeze kwa wakati.

Wa Masasi, ukishambadilisha huyo Ferrothorn nitumie timu yote sita, nataka nione nani anapokea moto hapo.