Maswali na Majibu: Nuktamkato na Nuktapacha katika Insha

Wanafunzi wa sekondari na wa vyuo vya hapa Dodoma wameniletea maswali mengi kuhusu alama mbili ambazo sisi walimu huzizungushia kalamu nyekundu bila kuzieleza: nuktamkato (;), ambayo wengine huiita semikoloni, na nuktapacha (:), ambayo wengine huiita koloni au nukta mbili. Nimeyachagua maswali yaliyojirudia zaidi.

Shikamoo, Mwalimu. Nipo Kidato cha Tano, wilayani Kongwa. Nitajuaje kwamba mahali fulani panahitaji nuktamkato, na si mkato wala nukta?

Marahaba. Ifute hiyo nuktamkato na uweke nukta mahali pake, kisha usome kila upande peke yake. Ikiwa pande zote mbili zinasimama kama sentensi kamili, umevuka sharti la kwanza. Sharti la pili ni la maana, nalo ndilo linalosahaulika: sentensi hizo mbili lazima zihitajiane. Tazama mfano huu: "Mvua za Dodoma kwa kawaida huanza Desemba na kukoma Aprili; mkulima anayechelewa kupanda hana msimu wa pili wa kutegemea." Upande wa pili unaeleza uzito wa upande wa kwanza. Ukiweka nukta hapo hutakuwa umekosea, ila utakuwa umemwachia msomaji kazi ya kuutafuta uhusiano ambao wewe ulikwisha kuuona. Ukiweka mkato utakuwa umekosea, kwa sababu mkato peke yake hauna nguvu ya kushikilia sentensi mbili kamili. Na ukiandika, "Mvua za Dodoma huanza Desemba; soko la Kibaigwa huuza mahindi," utakuwa umemwahidi msomaji uhusiano usiokuwepo.

Hapa Kiswahili kinatupa fadhila na mtego kwa wakati mmoja. Fadhila ni kwamba kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati na tendo ndani yake, kwa hiyo neno moja laweza kuwa sentensi nzima: "Tulisubiri; hawakuja." Mtego ni kwamba si kila kitenzi chenye kiambishi cha nafsi husimama peke yake. Kitenzi chenye -ki- ya masharti, -po- ya wakati au -nge- humwacha msikilizaji akingoja. "Mvua ikinyesha; wakulima hupanda uwele" ni kosa, na "Walipofika Mpwapwa; walipumzika" ni kosa la namna hiyohiyo; mahali pote pawili panataka mkato. Katika miaka yangu ya kusahihisha insha, hili ndilo kosa la nuktamkato nililokutana nalo mara nyingi kuliko mengine yote, na wanaolifanya mara nyingi ni wanafunzi hodari, waliosikia kwamba alama hii huipa insha hadhi, lakini hawakuambiwa inafanya kazi gani.

Ipo pia -ka- ya mfululizo. "Alifunga duka akaondoka" haihitaji alama yoyote katikati, kwa kuwa -ka- yenyewe ni uzi unaounganisha tendo na tendo. Anayeandika "Alifunga duka, akaondoka" anafunga mzigo mmoja kwa kamba mbili.

Je, kabla ya "lakini" na "hata hivyo" tuweke nuktamkato au mkato?

Maneno hayo mawili si ndugu. "Lakini", sawa na "na" na "au", ni kiunganishi kinachoweza kubeba sentensi mbili chenyewe, kwa hiyo mkato kabla yake unatosha. "Hata hivyo", "kwa hiyo" na "aidha", zinapotumika kufungua sentensi ya pili, hutanguliwa na nuktamkato na kufuatwa na mkato: "Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulitolewa mwaka 1973; hata hivyo, kasi ya Serikali kuhamia iliongezeka baada ya mwaka 2016."

Mhadhiri wangu amekata nuktapacha yangu katika sentensi hii: "Mazao makuu ya mkoa wetu ni: mtama, uwele, alizeti na zabibu." Mbona vitabu vingi vinaandika hivyo?

Ni kweli kwamba utaiona katika matangazo, katika ripoti na hata katika baadhi ya vitabu, na nakiri kwamba walimu wenzangu wengi huiacha ipite. Mimi naungana na mhadhiri wako. Nuktapacha hufanya kazi ya mtu anayefungua mlango na kusema, "Tazama." Kabla yake pawe na kauli iliyokamilika, na baada yake pawe na kile ambacho kauli hiyo ilikiahidi. Maneno "Mazao makuu ya mkoa wetu ni" hayajakamilika. Yanadai jibu papo hapo, na alama uliyoiweka inamkatiza msomaji katikati ya pumzi. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuiondoa alama: "Mazao makuu ya mkoa wetu ni mtama, uwele, alizeti na zabibu." Ya pili ni kuikamilisha kauli: "Mkoa wetu unajulikana kwa mazao manne: mtama, uwele, alizeti na zabibu." Kanuni hiyohiyo inazuia nuktapacha baada ya "kama vile" na baada ya "kwamba".

Ningependa pia mwache kudhani kwamba nuktapacha ni ya orodha tu. Uzuri wake katika insha ya hoja huonekana zaidi inapotangulia sababu au ufafanuzi mmoja: "Zabibu zimeikubali ardhi ya Dodoma kwa sababu ambayo mgeni hawezi kuitarajia: ukame." Sentensi ya namna hii, ikitumika mara moja mahali panapostahili, humfanya msahihishaji ainue macho.

Naandika insha ya safari ya kimasomo. Orodha yangu ina mikato mingi hadi naipotea mwenyewe. Nifanyeje?

Hapo ndipo nuktamkato inapofanya kazi yake nyingine, ya kutenganisha mafungu ambayo tayari yana mikato ndani yake: "Tulitembelea Kondoa, penye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006; Kongwa, ambako Waingereza walianzisha mradi wa karanga mwaka 1947; na Bahi, panapolimwa mpunga." Katika orodha, sharti la sentensi kamili halihusiki.

Baada ya nuktapacha, tuanze kwa herufi kubwa?

Herufi ndogo, isipokuwa kinachofuata ni jina maalumu au maneno yaliyonukuliwa ambayo yenyewe ni sentensi: "Wahenga walisema: 'Haba na haba hujaza kibaba.'" Alama yenyewe iguse neno lililotangulia, na nafasi ifuate baada yake.

Mwalimu, alama hizi si zetu. Kwa nini tuadhibiwe kwa kutojua vitu vya Wazungu?

Swali hili nalipokea kwa heshima. Ni kweli kwamba nuktamkato katika umbo tunalolijua ilichapishwa kwanza huko Venice, Italia, mwishoni mwa karne ya 15, katika karakana ya mchapaji Aldus Manutius. Ni kweli pia kwamba washairi wetu wa pwani, walioandika kwa hati za Kiarabu kabla ya hati za Kirumi kuenea, hawakuihitaji: kina na mizani vilimwonyesha msomaji mahali kipande kinapoishia. Lakini insha haina kina wala mizani. Tunapoandika nathari inayosomwa kimya, bila sauti ya msimulizi kupanda na kushuka, lazima pawepo kitu cha kuyabeba mapumziko ambayo bibi anayesimulia kando ya moto huyaweka kwa pumzi yake. Jiulize angetulia wapi, na kwa muda gani. Kisha pima kwa kanuni nilizoeleza hapo juu. Kuhusu adhabu, naamini kwamba mwalimu anayekata alama za mwanafunzi kwa kosa ambalo hakuwahi kulifundisha anamwonea, na natumaini walimu wenzangu watatenga angalau kipindi kimoja kwa jambo hili kabla ya mitihani.

Katika barua rasmi, tuandike "YAH:" au "YAH;"?

Andika "YAH:". Neno hilo ni kifupi cha "yahusu", na kinachofuata ni jambo lenyewe, kwa hiyo ni nuktapacha inayofaa. Usimalizie kichwa hicho kwa nukta.