Mposaji Mwenye Nukuu 2,140

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nauza samaki wa kukaanga hapa Dunda, Bagamoyo. Binti yangu ameposwa na kijana mtafiti wa malaria. Washenga walipomaliza kusifu ukoo, mmoja akatoa simu: “Mama, kijana wetu amenukuliwa mara 2,140, na indeksi yake ya h ni 14.” Nikaitikia mashallah, lakini sikuambulia kitu. Kaka yangu anasema huo ni mshahara kwa dola. Nimpe?
Mama Mwali, Bagamoyo

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mzuie huyo kaka yako asije akapandisha mahari, maana hapo hakuna dola wala shilingi. Nimefanya kazi maktaba ya kitabibu mpaka nikastaafu, na hizo hesabu nimezisikia mpaka kwenye foleni ya chai.

Mtafiti akimaliza kazi, huandika makala kwenye jarida. Mtafiti mwingine akiitaja makala hiyo ndani ya yake, hiyo ni nukuu moja. Indeksi ya h aliibuni mwanafizikia Jorge Hirsch wa California mwaka 2005. Shika sinia lako nikuonyeshe. Kila fungu ni makala moja, kila samaki ni nukuu moja. Panga mafungu ya samaki kuanzia kubwa: 40, 12, 7, 5, 3. Fungu la nne lina samaki wanne au zaidi? Linao. La tano lina watano? Halina, wamo watatu tu. Basi indeksi yako ni 4, na hata lile fungu la kwanza ukilijaza samaki 400, itabaki 4. Kijana wenu, kwa hiyo, ana makala 14 ambazo kila moja imenukuliwa mara 14 au zaidi. Si haba hata kidogo.

Ila mimi hapo nilivaa miwani. 14 mara 14 ni 196. Hizo nyingine karibu elfu mbili zimetoka wapi? Nahisi kuna fungu moja au mawili makubwa mno, na kwa mtafiti wa malaria wa Bagamoyo si ajabu. Jaribio kubwa la RTS,S, chanjo ya malaria, lilifanyika kwenye vituo 11 katika nchi 7 za Afrika, Bagamoyo na Korogwe zikiwemo, kwa watoto zaidi ya 15,000, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo. Makala za kazi za namna hiyo hubeba majina mengi, na nukuu hazigawanywi: kila jina hupata zote. Ni kama pilau la maulidi. Aliyekesha na sufuria na aliyeleta kitunguu kimoja, wote asubuhi wanasema “tulipika”.

Kwa hiyo muulize jina lake linakaa wapi. Kwenye utafiti wa tiba, jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyebeba kazi, la mwisho ni la mkuu wa timu. Wa katikati wanatofautiana sana, na kijana wenu akiwa huko usimdharau: huenda ndiye aliyekuwa akitoboa watoto vidole na kukodolea darubini mpaka usiku. Akueleze mwenyewe, kwa Kiswahili, mkono wake ulifanya nini. (Waambie washenga wahakikishe pia ni yeye. Kwa majina yetu haya, akina Salum Juma watatu huweza kujikuta kwenye ukurasa mmoja wa Google Scholar, tovuti inayohesabu nukuu.)

Halafu kunukuliwa si kusifiwa. Mwaka 1998 daktari Mwingereza, Andrew Wakefield, aliandika kuhusu watoto 12 akihusisha chanjo ya surua na usonji. Jarida la Lancet liliifuta makala hiyo mwaka 2010, lakini imenukuliwa mno, wengi wakiikosoa. Mashine inahesabu tu. Na anayefanya utafiti wa matende au kichocho, hata akiwa hodari kuliko huyu, atanukuliwa kidogo kwa sababu wanaoandika kuhusu magonjwa hayo ni wachache. Hilo liliniudhi miaka yote ya kazi yangu.

Kuhusu kumpa au kutompa: barua yako nimeisoma mara mbili, nimemkuta kaka yako, nimewakuta washenga. Binti mwenyewe anasemaje?