Kasha la zamani la kioo: risasi, udongo mwekundu na jua la Nairobi

Umeuliza kama kasha la kioo la zamani lenye fremu ya risasi (yaani madini ya ledi) bado lafaa kupandwa mimea, na kama muuza miche alikushauri vyema aliposema ulijaze udongo mwekundu na samadi, kisha upande kaktasi na mshubiri. Kasha linafaa sana. Ushauri ndio haufai.

Makasha haya yalibuniwa kutunza unyevu. Nathaniel Ward, daktari wa London, aliona feri (kangaga) ikiota ndani ya chupa iliyofunikwa, na mwaka 1833 akatuma mimea kwa meli hadi Sydney ndani ya makasha ya kioo, ikafika hai. Maji hupanda kama mvuke, hushika kwenye kioo, hurudi udongoni. Kaktasi na mshubiri, mimea ya ukame, humo itaoza. Muuza miche hakukusudia ubaya: vitalu vya Nairobi vimezoea mimea ya kupandwa nje ya nyumba tangu enzi za reli. Hata Arboretamu, bustani ya miti ya jijini, ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kuni za garimoshi.

Anza na risasi. Ule unga mweupe kwenye viungo ni sumu, usiupige msasa wala kuupuliza. Vaa glavu, ufute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha ukitupe. Siki hutoa vizuri madoa ya chumvi kwenye kioo, lakini isiguse fremu: huila risasi na kuacha sumu inayoyeyuka majini. Ipake kwa pamba katikati ya kioo tu. Kioo kikicheza, mwambie fundi atumie silikoni isiyonuka siki, kwa sababu ile inayonuka hula risasi vilevile; iache wiki nzima ikauke. Ndani weka trei ya plastiki ili udongo usigusane na fremu. Dania na mnanaa, kwa kuwa huliwa, usipande humo kabisa.

Udongo mwekundu ni mali shambani, ila kasha halina tundu chini. Ukilowa hushikamana, mizizi hukosa hewa. Kwa kasha la sm 45 kwa 30, tandaza kokoto zilizooshwa sm 3, juu yake kipande cha wavu wa mbu, kisha sm 7 za mchanganyiko: kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) vipimo 2, mchanga wa mto uliooshwa 1, mboji iliyochekechwa 1. Makaa yaliyopondwa ukitaka weka, lakini hayaokoi udongo uliozidishiwa maji. Samadi huleta visubi na ukungu. Lowesha mchanganyiko kabla ya kuutia. Ukiufinya kiganjani ushikane bila kudondosha tone.

Tumia maji ya mvua. Visima vingi vya Nairobi vina floraidi na chumvi, na ndani ya kasha maji huzunguka lakini chumvi hubaki ikiongezeka, hadi ncha za majani zikauke.

Kwenye vitalu vya Ngong Road tafuta feri ndogo, na mimea midogo ya majani kama fitonia na peperomia. Osha mizizi hadi udongo mwekundu utoke wote, kisha tenga miche wiki 2 ukikagua wadudu weupe kama pamba pale jani linapoungana na shina. Saintpaulia, ua dogo la chungu ambalo jamii yake mojawapo ni ya Mbololo huko Taita, ina majani yenye manyoya yanayooza yakilala na maji, kwa hiyo mfuniko wake uache wazi upana wa kidole. Nunua iliyooteshwa kitaluni, usichimbe ya msituni. Imebaki kidogo mno.

Jua ndilo huua makasha mengi mjini. Mwezi Juni hupita kaskazini, Desemba kusini, kwa hiyo dirisha lililokuwa salama huja kuwa tanuri miezi michache baadaye, na miale ya muda wa saa moja tu yatosha kupika majani. Kasha likae mita moja kutoka dirishani, nawe ulihamishe majira yakibadilika. Kila asubuhi tazama kioo: ukungu wa mvuke kwenye theluthi moja ya kioo unaoisha kufikia saa sita mchana ni dalili njema. Ukidumu kutwa, fungua mfuniko kwa muda wa saa 3 au 4. Usipoonekana siku kadhaa mfululizo, nyunyiza vijiko 4 vya maji, usubiri siku 2 kabla ya kuongeza.