Ukisanifu jarida au kijitabu, anza na nafasi tupu

Vijana wanaoniletea kazi zao hapa Kisumu, iwe jarida la shule, taarifa ya mwaka ya chama cha akina mama au kijitabu cha mazishi, karibu wote huanza na swali la rangi. Mimi huwaomba tuiweke rangi kando kidogo, kwanza tuangalie sehemu za ukurasa ambazo hazina kitu.

Tukihesabu vipengele vya msingi vya usanifu, tutataja mstari, umbo, rangi, unamu (yaani jinsi uso wa kitu unavyoonekana, laini au wa kukwaruza), ukubwa na nafasi. Kwenye machapisho naongeza herufi na picha, maana hizo ndizo zinazobeba habari yenyewe. Vipengele hivi havina uzito sawa. Katika kazi zinazonipitia mikononi, zile zilizoharibika mara nyingi ziliharibikia kwenye nafasi na herufi.

Mteja aliyelipia karatasi hutaka ijae, na namwelewa, kwa sababu kila ukurasa ni pesa. Lakini jicho la msomaji hutafuta pa kuingilia. Jina la marehemu likiachiwa theluthi ya juu ya jalada peke yake, halihitaji kivuli, wala fremu, wala kupakwa dhahabu. Kila mtu chini ya hema ataliona. Kwa ukurasa wa A4, ambao ni milimita 210 kwa 297, mimi sishuki chini ya milimita 15 kwenye pambizo. Kijitabu cha A5 nacho hushikwa kwa vidole gumba huku na huku, kwa hiyo maandishi yakikaribia ukingo, msomaji anayafunika kwa mikono yake mwenyewe.

Hapa niseme jambo ambalo najua litawaudhi baadhi ya wenzangu. Ule mtindo wa kutandaza picha ya mawingu, miale ya jua na ngazi za kwenda mbinguni nyuma ya wasifu wa marehemu, tuuache. Familia huupenda kwa sababu wameuona kwa jirani, na nia yao ni heshima. Ila wanaokisoma kijitabu hicho ni pamoja na mama mkongwe aliyekuja kutoka Ugenya na miwani ya zamani, ameketi kwenye kiti cha plastiki, anatafuta jina lake kwenye orodha ya mashemeji. Herufi zinapopita juu ya wingu jeupe kisha juu ya anga ya samawati, kila mstari unabadilika ukali, na mama anakata tamaa. Heshima kwake ni karatasi nyeupe, wino mweusi, herufi za pointi 12 (pointi ni kipimo cha wachapaji, kama theluthi moja ya milimita), na nafasi ya pointi 15 au 16 kutoka mstari hadi mstari. Mawingu, kama lazima yawepo, yakae kwenye jalada.

Kuhusu fonti, yaani mitindo ya herufi, mbili zinatosha: moja ya vichwa, moja ya maandishi. Watu wengi huchukua Times New Roman kwa sababu wameikuta tayari kwenye kompyuta. Ilitengenezewa gazeti la The Times la London, likaanza kuitumia mwaka 1932, na ilikusudiwa kuingiza maneno mengi kwenye safu nyembamba. Ukiitandaza kwenye A4 yenye safu moja, mstari unaweza kubeba herufi 90, na jicho likirudi kushoto linapotea. Mstari unaosomeka vizuri una herufi kati ya 45 na 75 hivi, pamoja na nafasi za katikati ya maneno.

Ugumu mwingine unatokana na urefu wa maneno ya Kiswahili. Neno kama “yatakayowasaidia” lina herufi 16. Ukigawa A4 yenye pambizo za milimita 15 kwa safu tatu zilizotengwa na milimita 6, kila safu inabaki na milimita 56, ambazo kwa pointi 10 ni herufi thelathini na kidogo. Neno moja limekula nusu ya mstari! Ukinyoosha kingo zote mbili, programu italazimika kutawanya maneno matatu yaliyobaki, na matundu meupe yatatiririka katikati ya aya. Chagua safu mbili, ambazo zitakupa milimita 87 kila moja, kisha nyoosha upande wa kushoto tu. Kama jarida ni lazima liwe na safu tatu, ruhusu maneno yakatwe, ila usiiachie programu iliyowekewa Kiingereza ikukatie. Silabi zetu kwa kawaida huishia kwa irabu, kwa hiyo kata baada ya irabu, na “ng'” isitenganishwe hata siku moja.

Na kabla hujaipenda fonti yoyote, andika kwayo Nyang'oma na Ng'iya. Fonti nyingi za mapambo huacha pengo kubwa kwenye ule mkato wa juu wa “ng'”, jina likaonekana kama maneno mawili, au zinakosa alama yenyewe na kuweka kisanduku. Kwa eneo letu, fonti isiyoweza kuandika majina ya watu wetu haifai, hata iwe nzuri namna gani.

Picha zinanigusa zaidi. Wino ukigusa karatasi, nukta zake hupanuka, hasa kwenye karatasi ya kawaida isiyong'aa. Maana yake ni kwamba kila picha itatoka nyeusi kuliko unavyoiona kwenye kiwambo, na nyuso zetu ndizo zinazoumia kwanza. Nimeona majarida ya shule ambamo shati la mwanafunzi linaonekana hadi kifungo cha mwisho, lakini uso wake ni doa. Mtoto huyo atalitunza jarida hilo maisha yake yote, na anastahili kuonekana. Usiongeze mwangaza wa picha nzima, maana shati litaungua kuwa jeupe tupu. Inua toni za kati peke yake, yaani zile zilizo kati ya nyeusi na nyeupe, mpaka uone mstari wa shavu na kivuli cha pua, hata kama kwenye kiwambo picha inaonekana imepauka kidogo. Kisha ijaribu kwenye karatasi ile ile itakayotumika.

Ukubwa wa picha ni hesabu nyepesi. Kwa uchapishaji mzuri tunahitaji pikseli 300 kwa kila inchi, kwa hiyo picha yenye upana wa pikseli 1200 itatoka vizuri kwa inchi 4, yaani kama sentimita 10. Kuivuta ijaze jalada la A4 ni kuiua. WhatsApp ikitumiwa kwa njia ya kawaida huipunguza picha, kwa hiyo mwombe mteja aitume kama faili ya hati, au aje nayo kwenye simu yake ili uichukue kwa waya.

Sasa rangi. Kiwambo huchanganya mwanga, matbaa huchanganya wino wa sian, majenta, njano na nyeusi, na kuna rangi za mwanga ambazo wino haziwezi kuzifikia. Ile kijani inayowaka ya mashabiki wa Gor Mahia ikitoka kwenye simu kuja kwenye karatasi hupoa, na mteja ataarifiwe mapema. Buluu ya AFC Leopards ina hatari yake nyingine: ukiweka sian asilimia 100 na majenta asilimia 100, itatoka zambarau. Shusha majenta hadi 70 au chini zaidi. Maandishi madogo yawe ya wino mweusi pekee, si mchanganyiko wa wino zote nne, kwa sababu sahani za kuchapia, moja kwa kila wino, zikihama hata kidogo, kila herufi inapata kivuli cha rangi.

Kuna jaribio ambalo huwa silikosi. Pitisha ukurasa wako kwenye mashine ya fotokopi ya nyeusi na nyeupe. Nyekundu na kijani zenye uzito wa kati hugeuka kijivu kile kile, na kichwa cha habari kinazama kwenye kisanduku chake. Tena jarida la chama mara nyingi huishia kufanyiwa fotokopi kijijini, kwa hiyo hiyo ndiyo sura ambayo wengi wataiona.

Mistari na maumbo sina mengi ya kusema. Mstari wa nusu pointi unatosha kutenganisha safu, na ukishuka chini ya robo pointi huenda usichapike kabisa. Kisanduku kiwe na sababu, kwa mfano ratiba au orodha ya wanachama.

Unamu ni raha yangu. Badala ya kupakua mandhari ya mbao za Ulaya, nenda ufukoni Dunga asubuhi, piga picha mkeka wa mafunjo kwa karibu, mwanga ukitoka ubavuni ili kila ufito uonyeshe kivuli chake. Jalada la aina hiyo msomaji wa hapa hulitambua bila maelezo.

Kabla ya kupeleka faili matbaani, panga kurasa ziwe kwa mafungu ya 4, yaani 8, 12, 16 au 20, kwa sababu karatasi moja iliyokunjwa ina kurasa nne. Picha inayofika ukingoni ipitishe milimita 3 nje ya mstari wa kukatia. Halafu chapa nakala moja kwa ukubwa wake halisi, ikunje, ibane kwa pini, na umpe mtu ambaye hajawahi kuiona kazi hiyo. Mwambie akutafutie saa ya ibada au jina la mweka hazina, nawe usimsaidie. Pale vidole vyake vitakaposita, rudi kwenye ukurasa huo na uanze kuondoa vitu.